Yai bichi halifiki kwenye sauti

Mwalimu aliyeingia kwangu Jumatatu sauti yake imepwelea tangu muhula uanze. Kabla sijamuuliza lolote akanieleza kuwa ameshajitibu: kila alfajiri yai bichi, kisha tangawizi na ndimu, "kulainisha nyuzi." Ni wa tatu mwezi huu. Waliomtangulia, mhubiri na mwimbaji wa kwaya, nao walikunywa hivyohivyo.

Jamani, yai halifiki huko! Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwenye njia ya hewa. Chakula kina njia yake, umio, kwa nyuma. Kila unapomeza, zoloto hupanda, kidakatonge, kile kifuniko kilicho juu yake, hufunika, na nyuzi zenyewe hubana ili tone lisipenye. Likipenya unapaliwa, unakohoa mpaka machozi. Yai lingefika kwenye nyuzi, usingeweza hata kusema "asante." Ule ulaini unaousikia ni wa koo tu. Tangawizi ni vilevile, na mwenye kiungulia inaweza kumzidishia, maana asidi ya tumbo ikipanda usiku huunguza zoloto. Tena yai bichi laweza kukuachia salmonela, bakteria wa kuharisha.

Hata maji hayaoshi nyuzi. Hupitia kwenye damu kwanza, kwa hiyo glasi unayoigugumia ukiwa umeshasimama madhabahuni imechelewa. Anza asubuhi, kidogo kidogo. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa, na ndiyo sababu mvuke wa maji matupu husaidia, na moshi wa sigara huharibu.

Kunong'ona nako si kupumzisha sauti. Wengi hubana koo wakinong'ona. Nyamaza, au sema taratibu. Kujikohoza kila mara "kusafisha koo" hugonganisha nyuzi kwa nguvu: meza mate.

Nyuzi za mwanamke akizungumza hugongana kama mara 200 kwa sekunde. Mwalimu huyu hushindana na kelele za watoto 80 vipindi 6 kwa siku, na hufundisha huku ameuelekea ubao. Hapo ndipo penye ugonjwa wake. Nimemwambia anunue kengele ya mkononi, darasa linyamaze kwa kengele, si kwa koo lake. Walimu wote mimi huwaambia hivyo. Andika kwanza, geuka, ndipo useme.

Na kwa kuwa sauti iliyopwelea zaidi ya wiki 3 lazima ichunguzwe, nimempeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe zoloto kwa kamera. Mayai nimemwambia akaange.