Jamii za Asili na Ardhi Yao: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Kenya, wanapofukuzwa Msitu wa Mau, na kila Wamasai wa Ngorongoro wanapoandamana, maneno yaleyale hurudi redioni, kwenye daladala na kwenye simu zetu. Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi wanapenda misitu, wanataka maendeleo, na hawaamini kwamba serikali inaweza kumtoa mtu kwake bila sababu ya msingi. Lakini ni maneno hayo yanayotuwezesha kuona nyumba zikichomwa kisha tukaendelea na shughuli zetu. Nimechagua machache yanayosikika sana, nikayapima kwa hukumu za mahakama na kwa sheria zetu wenyewe.

“Waafrika wote ni wenyeji. Hakuna aliye wa asili kuliko mwenzake.”

Hoja hii ina mvuto, na serikali kadhaa za bara letu zimeishikilia kwa miaka mingi. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono, Tanzania ikiwa mojawapo. Kenya na Burundi hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Waliopinga walikuwa wanne tu, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, na wote hao walikuja kubadili msimamo baadaye.

Kinachosahaulika ni kwamba hakuna anayeuliza nani alifika kwanza. Kikundi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ripoti yake ya 2003, kilitazama mambo mengine. Je, watu wenyewe wanajitambua kuwa jamii ya pekee? Je, maisha yao yamefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba wakiondolewa, utamaduni wao hauna pa kusimama? Je, wamebaguliwa kwa sababu wanawinda, wanarina asali au wanahamahama na mifugo, wakati serikali imeamua kwamba mtu aliyestaarabika ni yule anayelima na kukaa mahali pamoja? Mchaga ni Mwafrika sawasawa na Mhadzabe, mwindaji wa kaskazini mwa Tanzania. Lakini Mchaga hajawahi kuambiwa kwamba kihamba chake, shamba la ukoo wake, hakina mwenyewe. Mhadzabe ameambiwa kwamba pori lake ni tupu, na wageni wakaingia kulima na kuchunga.

“Wao ndio wanaomaliza msitu.”

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu dhana hii ndiyo iliyofukuza watu wengi kuliko zote.

Oktoba 2009 Waogiek walipewa siku 30 wawe wametoka Mau. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda chemchemi za maji, na kwa kweli Mau si msitu wa kuchezea: Mto Mara, unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti, unaanzia huko. Shauri likafika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2017. Majaji waliipima hoja ya mazingira na wakaikataa. Walisema uharibifu wa Mau umeletwa hasa na watu wengine kuingia msituni, na serikali yenyewe kumega msitu ili kugawa makazi na kutoa vibali vya kukata miti bila busara.

Wakenya wengi wanayakumbuka hayo bila kusomewa hukumu. Mashamba ya chai ya Nyayo yalianza kupandwa kandokando ya misitu mwaka 1986. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 kwenye orodha ya misitu ya hifadhi, na sehemu kubwa ilikuwa Mau. Waogiek hawakuwa na mamlaka ya kutia saini hata karatasi moja ya hizo. Wao walikuwa na mizinga juu ya miti, kila ukoo ukijua eneo lake, na mrina asali hapati chochote kwenye mti uliokatwa.

Sisemi kwamba watu hawaongezeki. Ngorongoro ilikuwa na wakazi wapatao 8,000 mwaka 1959, na kufikia 2022 walikadiriwa kuwa karibu 100,000. Hilo ni suala la kweli, linalohitaji mpango wa kweli. Ila mpango unaotungwa bila wenyewe kuwepo mezani huishia kuwa amri ya kuondoka, na kuishi muda mrefu na wanyama ndiko kulikoifanya ardhi hiyo ionekane inafaa kuhifadhiwa.

“Hawana hati, kwa hiyo ni wavamizi.”

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 63, inataja kwa jina ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa tangu zamani na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ni ardhi ya jamii. Kwa hiyo anayesema “hawana hati” anasahau kuuliza ni nani mwenye kazi ya kuiandika, na kwa nini hajaiandika.

Inawezekana kuiandika. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mkoani Manyara, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000 kwa pamoja, kama jamii. Msitu wao umesimama hadi leo.

Linganisha na Uganda. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Batwa, jamii ya wawindaji wa msituni humo, waliondolewa. Waliofidiwa zaidi walikuwa wakulima waliokuwa wamefyeka msitu na kupanda mazao, kwa sababu shamba linahesabika. Mtwa aliyeuacha msitu kama alivyoukuta hakuwa na cha kuhesabiwa, akatoka mikono mitupu na kuwa kibarua kwenye mashamba ya jirani zake. Leo watalii wanalipa mamia ya dola kwa mtu mmoja kwenda kuwatazama gorila milimani humo. Ninaposikia watu wakisema sheria ni msumeno, huwakumbuka Batwa: huku ulikata upande mmoja tu.

“Walihama kwa hiari.”

Mwaka 1959 Wamasai waliondoka Serengeti baada ya kuahidiwa Ngorongoro. Gavana wa kikoloni aliliambia baraza lao kwamba maslahi yao yakigongana na ya wanyama, yao yatatangulia. Juni 2022 familia za kwanza zikaanza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na serikali imesisitiza tangu mwanzo kwamba hakuna aliyelazimishwa. Wapo waliojiandikisha na kupata nyumba na mashamba, na haki yao ya kuchagua iheshimiwe.

Lakini mwaka huohuo fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya shule za Ngorongoro zilielekezwa Handeni. Agosti 2024 vijiji vya Ngorongoro vilifutwa kwenye orodha kwa tangazo la serikali, maelfu ya watu wakafunga barabara ya kwenda Serengeti, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo. Ukimpunguzia mtu shule kisha ukamwonyesha lori, akipanda lori hatujui kama amechagua. Matakwa ya sheria za kimataifa ni ridhaa ya hiari, inayotolewa mapema, na mtu akiwa na taarifa kamili.

Loliondo, kaskazini mwa Ngorongoro, hata neno hiari halikutumika. Juni 2022 askari waliingia kuweka vigingi kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, askari polisi mmoja akauawa, wanakijiji wengi wakajeruhiwa na wengine wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu. Malisho ya mifugo yakafungwa. Kitalu cha uwindaji hapo kimeshikiliwa na kampuni ya Falme za Kiarabu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

“Haya ni matatizo ya nchi maskini.”

Watu wa asili wanakadiriwa kuwa milioni 476 duniani, katika nchi zipatazo 90. Kanada iliwachukua zaidi ya watoto 150,000 kutoka kwa wazazi wao na kuwapeleka shule za bweni wasahau lugha zao, na shule ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Brazili ilitangaza dharura ya afya Januari 2023 katika nchi ya Wayanomami, watu wa asili wa msitu wa Amazon, ambako wachimbaji haramu wa dhahabu walileta malaria, njaa na zebaki mitoni.

Na si uchimbaji pekee. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo huko Fosen vilivunja haki za Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mwezi huohuo, mahakama ya Meru, nchini Kenya, iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi mkubwa wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari 150,000 za wafugaji wa Marsabit, zilipatikana bila kufuata utaratibu. Nchi mbili zisizofanana kwa lolote, na katika zote mbili mitambo iliendelea kuzunguka. Umeme safi ni jambo jema, tena tunauhitaji. Usafi wake uanze na namna ardhi ilivyopatikana.

“Si walishashinda kesi? Basi yamekwisha.”

Laiti.

Wasani, wawindaji wa Botswana, walishinda Desemba 2006, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba walifukuzwa hifadhi ya Kalahari ya Kati kinyume cha sheria. Serikali ikawaruhusu kurudi bila kibali wale tu ambao majina yao yalikuwa kwenye jalada la kesi. Kisima chao kikabaki kimefungwa, wakalazimika kurudi mahakamani hadi Januari 2011 ili waruhusiwe kuchota maji.

Waendorois, wafugaji wa Kenya waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970, walipata uamuzi wa Tume ya Afrika uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010: wamilikishwe ardhi, wafidiwe, wapate mgao wa mapato ya hifadhi. Mwaka uliofuata ziwa hilo likaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia bila wao kushirikishwa ipasavyo. Kikosi kazi cha kutekeleza uamuzi kiliundwa mwaka 2014, kikapewa mwaka mmoja, muda ukaisha nacho kikaisha.

Batwa wa Uganda walishinda Mahakama ya Katiba Agosti 2021, na serikali ikakata rufaa. Batwa wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, huko Kivu nchini Kongo, uamuzi wao wa Tume ya Afrika ulitangazwa 2024, miaka zaidi ya 40 baada ya kutolewa msituni.

Na Waogiek? Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Arusha iliiamuru Kenya ilipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa maumivu waliyopata, fedha hizo ziingie kwenye mfuko wa maendeleo ya jamii utakaoundwa ndani ya miezi 12. Iliamuru pia ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka na kuandikiwa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Novemba 2023, muda wa hati ukiwa haujaisha na muda wa mfuko ukiwa umekwisha, walinzi wa misitu waliingia Sasimwani, upande wa Narok, wakabomoa na kuchoma nyumba za Waogiek, wakisema wanaulinda Msitu wa Mau.