EF 60% haimaanishi moyo wako uko salama

Wagonjwa wangu wa presha wakileta majibu ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, wengi huonyesha mstari mmoja tu: EF 60%. "Daktari, si nzuri hii?" Namba yenyewe ni nzuri. Ila mimi huanza kusoma mistari iliyo juu yake, palipoandikwa unene wa kuta za moyo.

EF ni sehemu ya damu inayotolewa na chumba cha chini cha kushoto kila moyo unapodunda. Kawaida ni kama 55 hadi 70. Hakuna moyo unaotoa 100. Ikishuka chini ya 40, misuli imechoka, na hapo hakuna ubishi.

Presha huanzia kwingine. Moyo ukisukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa miaka nenda rudi, ukuta wake hunenepa. Ukuta wenye afya hauzidi milimita 10 hivi. Kwa watu wa presha nakuta 13, hata 14. Ukuta huo hubana vizuri sana, ndiyo maana EF inapendeza. Shida yake ni kulegea. Usipolegea upesi, damu inayotoka mapafuni hukosa nafasi na kurundikana nyuma, na mtu anaanza kuhema akipanda ngazi au akilala bila mito. EF bado ni 60.

Hili tunalikamata kwa Doppler, kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842: mwangwi hubadilika kulingana na mwendo wa kitu kinachourudisha. Naweka alama kwenye ukuta, kando ya vali iliyo kati ya vyumba vya kushoto, na kupima kasi yake unapolegea. Upande wa ukuta unaotenganisha kulia na kushoto, kasi iliyo chini ya sentimita 7 kwa sekunde hunitia shaka. Kisha natazama kama chumba cha juu cha kushoto kimetanuka, maana chenyewe ndicho kinachobeba mzigo huo miaka yote.

Kwa mashine hiyohiyo nabadilisha kifaa cha kupimia na kuhamia shingoni, kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta hupenda kuganda pale mshipa unapogawanyika mara mbili. Uvimbe ukifika milimita 1.5 tunauita plaki. Damu ikipita hapo kwa zaidi ya sentimita 125 kwa sekunde, kuna uwezekano mkubwa njia imeziba nusu au zaidi. Plaki hata ndogo hubadilisha matibabu yangu: nazungumzia dawa za kushusha kolesteroli, na sigara siiachi ipite kimyakimya.

Sishauri kila mtu akapimwe shingo. Kijana asiye na presha, sukari wala sigara hana sababu ya kulipia kipimo hicho. Na shingo safi haisafishi mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Ile ni midogo, na eko ya kawaida haioni kama imeziba. Mwenye maumivu ya kifua akifanya kazi anahitaji vipimo vingine, hata kama eko yake haina kasoro.

Ukipewa majibu, uliza mambo matatu: ukuta una unene gani, chumba cha juu cha kushoto kimetanuka, na moyo unalegea vipi? Njoo pia na karatasi ya zamani. EF ikitoka 60 hadi 56, huenda ni tofauti ya mpimaji tu, lakini ukuta uliotoka milimita 11 hadi 14 ni sababu ya kukaa chini tuzipitie upya dawa zako za presha.