Shemeji, hayo macho yako yana makumbusho

Juzi kwenye kikao cha harusi shemeji yangu kanisogezea simu yenye picha ya kijana aliyekamatwa mtaani kwao. "Afande, hebu mwone. Macho tu yanasema." Yanasema nini? "Yanasema mwizi." Kikao kizima kikaitikia. Nimeinamia lenzi ya alama za vidole miaka kumi na tisa, na hii habari ya macho nimeisikia kwa makonda, kwa mashehe, hata kwa mawakili. Imetosha.

Hayo macho yana makumbusho yake. Yapo Turin, Italia, mtaa wa Pietro Giuria namba 15, jengo moja na makumbusho ya matunda ya bandia (sitanii). Nilipita huko siku moja nikitarajia visu na miti ya kunyongea, na nikavikuta. Ila aliyenisimamisha ni mwenye nyumba: profesa Cesare Lombroso, daktari aliyedai uhalifu unaonekana mwilini, aliyefariki 1909 na kuusia mifupa yake ibaki kwenye mkusanyo wake. Yumo kwenye kabati la kioo, wima, kama askari wa zamu.

Ndani kuna fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria aliyefungwa kwa wizi. Lombroso alilipasua akakuta kishimo sehemu ya nyuma, upande wa ndani, mahali ambapo wengi wetu tuna kijituta. Akawakumbuka wanyama wenye kishimo kama hicho, akatangaza amempata mhalifu wa kuzaliwa. Mwaka 1876 akatoa kitabu chenye dalili za mhalifu huyo: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu, ndevu chache. Kijiji cha Villella kililidai fuvu mahakamani, kikashinda 2012, kikashindwa kwenye rufaa 2017, na 2019 mahakama ya juu ikaliacha Turin. Hayo tuyaache.

Ninachotaka mkielewe ni hiki, na nitakirudia. Nenda gereza lolote, hesabu wenye masikio makubwa. Umepata thelathini katika mia? Hujapata kitu. Sasa nenda msikitini Ijumaa, hesabu tena. Nenda sokoni, nenda kwenye hicho kikao chetu cha harusi, maana mwenyekiti mwenyewe masikio yake mnayajua. Ukikuta thelathini kila mahali, masikio hayajasema neno. Na hata gerezani yakizidi, bado hujui kama yanaleta wizi, au kama wenye masikio hayo ndio wanaokamatwa kwa sababu shemeji ameshaamua. Waliofungwa si wote walioiba, ni waliokamatwa. Lombroso naye aliwapima raia na askari, tusimsingizie, lakini ovyo ovyo, na kilichokataa kuingia kwenye hesabu alikitafutia maelezo. Mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alitoa vipimo vya wafungwa wapatao elfu tatu na kuwalinganisha na askari na wanafunzi wa Cambridge na Oxford. Ile sura haikuonekana. (Goring naye hakuwa malaika: alimaliza kwa kusema wahalifu wamerithi akili pungufu.)

Kitu nilichokaa nacho muda mrefu pale Turin ni mitungi. Mitungi ya maji ya wafungwa, wameichora kwa ncha ya kitu chochote kilichopatikana. Lombroso aliikusanya kama dalili za ugonjwa. Mimi niliona watu wasio na karatasi.

Sasa na mimi nikiri, maana fani yangu imezaliwa zama hizo hizo za kupima miili ya wafungwa. Alama za vidole zinafanya kazi, naamini hivyo. Lakini Uingereza walidai pointi kumi na sita za kufanana kwa miongo mingi, kisha 2001 wakaiacha idadi hiyo, wakabaki na uamuzi wa mtaalamu. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni za Madrid, wataalamu wa FBI, wapelelezi wa Marekani, walikubaliana kwamba alama iliyokutwa kwenye ushahidi ni ya wakili mmoja wa Oregon, huko huko Marekani. Akawekwa ndani wiki mbili. Haikuwa yake, polisi wa Hispania walimtambua mwenye alama. Wale walikuwa wazoefu kuliko mimi. Kuna alama nilizosaini miaka ya mwanzo, zile za nusu kidole zilizopakaa vumbi, ambazo leo ningeandika "haitoshi" nikanyamaza. Mahakamani sikuwahi kuulizwa.

Kwa hiyo nilipopewa simu ya shemeji nilifanya ninachojua: nikaikuza. Jicho la kushoto limevimba, jekundu, halifunguki vizuri. Chini yake kuna mchubuko wenye vumbi la barabarani. Kijana alipigwa kwanza, picha ikafuata.

Nikamwonesha shemeji. Akatazama kwa muda, akairudisha simu mfukoni.

"Si ndiyo nilivyosema, afande," akasema. "Macho yanasema."