Je, wajua kwa nini mwandiko wa Kijapani una utaratibu wa kila mstari?

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kijapani aliwahi kunirudishia daftari lenye alama nyekundu kwenye herufi niliyoamini nimeipatia. Umbo lilikuwa sawasawa, ila nilianza na mstari usiofaa. Kwa muda mrefu nikaamini utaratibu huo ni adabu ya darasani tu, kama kukaa wima. Wanafunzi wengi huamini hivyo, na naona imani hii ndiyo inayowachelewesha kusoma maandishi ya mkono.

Tazama herufi mbili za katakana, mfumo mmoja wa herufi za sauti za Kijapani: シ (shi) na ツ (tsu). Kila moja ina vijistari viwili na mkunjo mmoja mrefu. Kwenye shi mkunjo hupanda kutoka chini. Kwenye tsu hushuka kutoka juu. Ukigeuza mwelekeo, msomaji anasoma herufi nyingine.

Chanzo cha utaratibu huu ni burashi. Fikiria mtu anayepita ufukweni maji yamekupwa. Akitembea taratibu, kila unyayo unaonekana peke yake. Akikimbia, mchanga huburuzika kati ya unyayo na unyayo, na pengine mguu haugusi kabisa. Hata hivyo unamfuata bila shida, maadamu amepita njia unayoijua. Katika shodo, sanaa ya mwandiko wa burashi, mtindo wa kaisho ni kutembea, gyosho ni kuharakisha, sosho ni mbio. Mwandishi akibadili njia, michirizi ya wino huunganisha mistari isiyohusiana, na msomaji anapotea.

Hiragana, mfumo mwingine wa herufi za sauti, ilizaliwa katika mbio hizo, yapata karne ya 9. Kanji (herufi yenye asili ya Kichina) 安, yaani mwanamke chini ya paa, maana yake utulivu, ina mistari 6. Kwa kuandikwa harakaharaka ililainika ikawa あ, mistari 3, sauti "a". Paa zima limebaki mstari mmoja wa kulala.

Utaratibu wenyewe si mmoja tu. Mwongozo wa Wizara ya Elimu ya Japani wa mwaka 1958 ulikiri kwamba zipo taratibu nyingine zinazokubalika. Kanji za kushoto, 左, na kulia, 右, huanza kwa mistari miwili inayofanana, mmoja wa kulala na mmoja wa kuinama. China huanza na wa kulala kote kuwili. Japani huanza na wa kulala kwenye 左, lakini kwenye 右 hutangulia ule wa kuinama. Ndiyo maana kwa burashi ya Kijapani mstari wa kuinama hutoka mrefu kwenye 左, na mfupi kwenye 右.