Bastola ndani ya gari: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

Kila watu wanapoporwa kwenye njia ya Likasi au ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, shauri lilelile hurudi kwenye parke za magari: tafuta bastola ya kuaminika, iweke chini ya kiti, usafiri bila woga. Wanaolitoa wana nia njema, lakini shauri lenyewe linaweza kumwua anayelifuata.

“Majambazi wakijua una silaha, watakukimbia.”

Aliyetega njia ndiye aliyechagua saa na mahali: kona, shimo linalolazimisha gari kwenda polepole, giza. Wewe umefunga mkanda, mikono iko kwenye usukani, watoto wako nyuma. Risasi ya AK-47 hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na bati la mlango haliizuii. Ukiinama kuitafuta bastola, wao wanaona mtu anayetaka kupigana, na aliyekuja kwa ajili ya simu na pesa anaanza kupiga risasi. Februari 22, 2021, karibu na Kibumba, kaskazini mwa Goma, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na dereva Mustapha Milambo na mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, askari aliyesomea kazi ya ulinzi. Kama mtu wa kazi hiyo hakuweza kuizuia shambulio, mfanyabiashara aliyejifunza kulenga chupa shambani ataweza nini?

“Ikiwa ni ya chapa nzuri, haitaniangusha.”

Bastola ni chuma. Vumbi la kiangazi cha Katanga huingia ndani yake, risasi za zamani hukataa kulipuka, na mkono unaotetemeka hukosa hata kwa karibu. Hata bunduki bora haimsaidii asiyefanya mazoezi mara kwa mara. Tena silaha yenye risasi iliyo chini ya kiti iko karibu na mkono wa mtoto kuliko na wa mwizi. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

“Nina karatasi ya komanda, barieri zote zitanipitisha.”

Mambo ya silaha nchini Kongo yanaongozwa na amri-sheria namba 85-035 ya Septemba 3, 1985. Barua ya mkubwa wa jeshi si kibali. Kibali hutolewa na serikali kwa jina la mwenye silaha, wala hakiazimwi kwa shemeji. Silaha za kivita, kama ile kalashi (AK-47) inayouzwa kwa siri, raia haruhusiwi kuwa nazo kabisa, na kwa sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002, raia anayetenda kosa kwa silaha ya kivita hushtakiwa mbele ya majaji wa jeshi. Ukifika Kasumbalesa mambo yanakuwa magumu zaidi, maana kibali cha Kongo hakina nguvu Zambia. Kuvuka nayo bila ruhusa ya nchi hiyo ni kosa kubwa.

“Kumpiga mwizi risasi ni haki yangu.”

Hapana. Kujitetea hukubaliwa hatari ikiwa ipo papo hapo na nguvu uliyotumia ikilingana nayo. Mwizi anayekimbia na begi lako hakuhatarishi tena.

Kinacholinda ni mambo ambayo madereva wazee wanayajua. Ondoka asubuhi, ufike kabla ya jua kuzama. Waulize wanaotoka upande wa pili njia ikoje leo. Tembeeni magari kadhaa pamoja, na pesa nyingi zipite kwenye simu au benki. Wakikusimamisha, mikono ionekane, sema kabla ya kusogeza chochote, toa wanachotaka.

Na ninyi wenye magari, baba na mama mnaowatuma madereva Kolwezi au mpakani: waambieni wazi, kabla hawajawasha injini, kwamba gari likiporwa hawatakatwa mshahara. Wengi hukataa kutoa funguo kwa sababu wanaogopa deni la bosi kuliko bunduki.