Huzuni ya kawaida: maswali na majibu

Wiki nzima nina huzuni, na sijafiwa wala sijagombana na mtu. Ninaumwa?

Si lazima. Mtoto kapelekwa bweni, rafiki kahama mji, mambo kama hayo yanatosha kumtia mtu simanzi. Kama unakula, unalala, na ukichekeshwa unacheka, uko sawa.

Huzuni ina faida gani, hasa?

Inakutuliza uangalie vizuri. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joseph Forgas na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika duka dogo jijini Sydney, Australia. Walipanga vitu vidogo vidogo kaunta, kisha wakawauliza wateja waliotoka wanakumbuka vitu gani. Siku za mvua, muziki wa majonzi ukipigwa, wateja walikumbuka vitu vingi kuliko siku za jua zenye muziki wa kuchangamsha. Ni huzuni nyepesi lakini, si ile ya kumlaza mtu kitandani.

Halafu huzuni huita watu. Uso ukikunjamana, jirani anauliza kulikoni.

Mbona naambiwa "jikaze"?

Mazoea tu, hasa kwa wanaume, na sioni yanasaidia nini. Tazama matanga: wafiwa wamekaa mkekani, mmoja anasimulia marehemu alivyoanza kuugua, akiingia mgeni mwingine, habari inaanza upya, machozi tena. Hakuna anayesema "si umeshasimulia?" Baadaye kuna arobaini, mjane Mwislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi. Muda wa kuhuzunika umetengwa kabisa. Siku hizi mtu anazika Jumamosi, Jumatatu yuko kazini anatakiwa atabasamu.

Nifanye nini nayo?

Jiulize umepungukiwa na nini, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini. Pombe iache, inaharibu usingizi na kuzidisha huzuni.

Niende hospitali lini?

Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, hamu ya uliyoyapenda imekwisha, usingizi na chakula vimevurugika, unajiona hufai. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, nayo inatibika kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Ukiwaza kujiua usingoje wiki mbili: nenda leo, na usiende peke yako.

Ukifika kwa daktari, usiishie kusema kichwa kinauma na mwili umechoka. Utapimwa malaria, utapewa dawa ya maumivu, urudi nyumbani. Mwambie pia kwamba huna raha, tangu lini, na usiku unaamka saa ngapi.