Stig Dagerman hakunyamaza

Wengi wanaomtaja mwandishi Stig Dagerman wa Uswidi humkumbuka kwa riwaya. Ya kwanza ilitoka mwaka 1945, akiwa hajatimiza miaka 23, nyingine zikafuatana haraka, halafu wanasema akanyamaza mpaka alipofariki. Kazi yake ya gazetini hawaigusi. Hizi hapa dhana tatu potofu juu yake.

Dhana: Gazeti lilikuwa kibarua tu.
Gazetini ndiko alikokulia. Alizaliwa mwaka 1923 shambani Älvkarleby, akalelewa na babu na bibi, na alipokuwa kijana akaingia kwenye magazeti ya wafanyakazi. Katika gazeti la Arbetaren alitunga mashairi mafupi yenye vina juu ya habari za siku, zaidi ya elfu moja. Sisi tuliozoea ukurasa wa mashairi tangu enzi za Mambo Leo tunajua uzito wa kazi hiyo.

Dhana: Aliwatetea Wanazi.
Hii inaniuma. Mke wake wa kwanza alitoka katika familia ya Wajerumani waliomkimbia Hitler. Vuli ya 1946 gazeti la Expressen lilimtuma Ujerumani, akaingia katika vyumba vya chini ya ardhi ambamo familia ziliishi na maji yakiwafika vifundoni. Wanahabari wengine waliwauliza watu hao kama enzi za Hitler zilikuwa afadhali. Wakijibiwa ndiyo, waliandika kwamba Wajerumani hawajabadilika. Dagerman alisema ni sawa na kumuuliza anayezama kama alikuwa na nafuu aliposimama gatini.

Dhana: Miaka ya mwisho hakuandika.
Riwaya ndizo zilizomshinda, maana sonona ilimbana vibaya. Mashairi ya gazetini aliendelea kuyatunga. La mwisho lina jina ambalo kwetu lingekuwa la kibao cha getini: Mbwa Mkali. Ofisa mmoja wa ustawi wa jamii alikuwa amelalamika kwamba watu wanaopewa msaada wanafuga mbwa. Dagerman akavaa sauti ya ofisa huyo: sheria ina mianya, maskini wanaruhusiwa mbwa, kwa nini wasifuge panya wasiotozwa kodi? Hao mbwa waondolewe, na hatua inayofuata iwe kuwachinja maskini wenyewe, halmashauri iokoe fedha.

Shairi hilo lilichapishwa tarehe 5 Novemba 1954. Siku moja kabla, mtunzi wake alikuwa amejiua, akiwa na miaka 31.